Shati Lilitoka, Mwenye Shati Akabaki

Ka! Kilikuwa kifuniko cha pasi ya mkaa. Alfajiri ile, kabla jogoo hajakohoa, nilikisikia kikifungwa jikoni, kisha mtu akipuliza majivu, fuu, fuu, kwa pumzi fupi za kizee.

Sikuhitaji kuuliza. Mama mkwe alikuwa anaipiga pasi suruali ya mwanawe. Kila alfajiri aliipiga pasi, akaikunja, akaiweka kitini. Jioni aliikunjua tena na kuikagua, kama vile imetenda kosa mchana kutwa.

"Leo anaweza kutoka," alikuwa akisema.

Suruali ile ilipigwa pasi mpaka ikawa inang'aa magotini, na miguu ya kuivaa ilikuwa bado gerezani.

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnakumbuka tulipoachana: Jumamosi, mvua inanyesha, nimesimama nje ya lango la gereza nachungulia kati ya migongo ya watu. Wewe uliyefika leo, pita ndani, nitakueleza kwa ufupi. Mume wangu alikuwa karani wa reli na katibu wa chama. Alifungwa pamoja na kiongozi wao, mtengeneza saa ambaye kila mtu alimwita Fundi Saa. Sisi wake zao tuliachiwa kufua. Kila Ijumaa tulipeleka langoni furushi la nguo safi, tukarudi na la nguo chafu. Jumamosi ile Fundi Saa aliachiwa, akachukuliwa kwenda kuzungumza na watu wa Gavana habari za uhuru. Wangu hakutoka. Nilirudi nyumbani na mwavuli wa mtu ambaye mpaka leo simjui. Aliniwekea tu mkononi, akaondoka akilowa.

Sasa ilikuwa Jumatatu. Kulipokucha mama mkwe aliingia na gazeti.

"Njoo umwone Fundi Saa. Amekonda, lakini amependeza."

Nilitazama picha. Fundi Saa amesimama langoni, mkono juu, anacheka. Kwenye kola ya shati lake kulikuwa na kiraka cha maua.

"Mbona umetoa macho hivyo?"

"Mama, hilo ni pazia letu."

Mama mkwe alitazama gazeti. Akatazama dirisha la jikoni, ambako pazia la maua lilining'inia na pengo pembeni, pale nilipokata kitambaa cha kutia kiraka shati la mume wangu. Akatazama gazeti tena.

"Makubwa," akasema. "Pazia limefika kwa Gavana kabla yetu."

Wajukuu zangu, msicheke haraka. Gereza lilikataza kuandika jina wala kutia alama yoyote kwenye nguo. Kwa hiyo mkono wa kila mke ndio uliokuwa jina. Mke wa Fundi Saa, tuliyemwita Bi Dakika kwa sababu hakuwahi kuchelewa hata kwenye msiba, alishona mishono midogo iliyonyooka kama msafara wa sisimizi. Yangu ilirukaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Askari akifungua furushi alijua mara moja hili la nani. Basi mshono wangu kuonekana kwenye shingo ya mume wa mtu halikuwa jambo dogo.

Jua halijapanda vizuri, jirani yetu, fundi wa magodoro, aliingiza kichwa dirishani.

"Pazia lenu lina pengo."

"Limetafunwa na panya," nikasema.

"Panya huyo ana mkasi?"

Akaondoka haraka haraka, na mwendo ule niliujua. Ulikuwa mwendo wa mtu aliyebeba habari ya moto na anaogopa itapoa.

Kabla ya adhuhuri, gari jeusi la serikali lilisimama mlangoni. Ghafla mtaa mzima ukakumbuka kufagia nje.

"Hodi!"

Alikuwa Bi Dakika. Gazeti kwapani, midomo imebana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Sikai."

"Basi simama. Kiti hakitalia," akasema mama mkwe.

Bi Dakika alikwenda moja kwa moja dirishani, akafungua gazeti, akaweka picha karibu na pengo la pazia. Alitazama maua ya huku, akatazama maua ya kule. Kisha akanigeukia.

"Mishono hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Imefuata nini shingoni kwa mume wangu?"

"Dada, mimi nilishona shingo ya shati la mume wangu. Kichwa kilichopita humo sikukipitisha mimi."

Mama mkwe alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa.

"Unanitania!" Bi Dakika alipaza sauti. "Miaka miwili nafua mpaka kucha zimelainika. Halafu siku anayotoka, siku ambayo kila mtu anamtazama, anatoka na mshono wa mke wa mtu!"

Alilikunja gazeti, akalikunjua, akalikunja tena. Hapo ndipo nilipoona kwamba yule hakuja kugombana. Alikuja kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kupeleka maumivu yake. Nilimsogezea kigoda. Safari hii alikaa.

"Umemwuliza mwenyewe?"

"Nimwulize saa ngapi? Amefika, ameoga, amebadili nguo, wamemchukua. Nilipomwonyesha kola akasema, 'Ni shati tu, mke wangu.' Shati tu! Mwanamume akikwambia ni kitu tu, ujue kuna kitu."

"Wakati mwingine huwa ni shati," nikasema.

Mama mkwe aliweka pasi chini.

"Nyie watoto, mbona hamuulizi la maana? Kama Fundi Saa amevaa shati la mwanangu, mwanangu amevaa nini?"

Nilimtazama Bi Dakika, naye akanitazama. Sikumbuki nani alisimama kwanza. Nakumbuka tu kwamba mara ya kwanza maishani mwangu kupanda gari la serikali nilikuwa na aproni, na kijiko cha mbao mkononi.

Langoni tulimkuta askari tuliyemzoea, Bwana Mlango. Alikuwa mtu wa sauti mbili. Mkuu wa Gereza akiwapo, alitufokea: "Rudini nyuma ya mstari!" Mkuu akiondoka, alinong'ona: "Mama, sogea kivulini." Siku za mvua alikuwa akiyaingiza mafurushi yetu chini ya koti lake mwenyewe.

Alimpigia saluti Bi Dakika, akatazama kushoto na kulia, akaniinamia.

"Karani ni mtu huru, mama. Tangu Jumamosi mchana."

"Huru? Yuko wapi?"

"Yuko ndani."

"Bwana Mlango, huyo ni huru wa namna gani?"

"Wa kifua wazi," akasema. "Amejifunika blanketi. Hana shati la kutokea."

Akatueleza. Sheria ya gereza lile ilikuwa kwamba mtu hutoka na nguo zilezile alizoingia nazo, isipungue hata moja, ili serikali isije ikaitwa mwizi. Jumamosi asubuhi walipokwenda stoo kumchukulia Fundi Saa shati lake, lililokuwa limekuja na furushi la Ijumaa, walikuta panya wameshalila. Vilibaki vifungo. Mimi asubuhi nilikuwa nimemsingizia panya, na mchana panya wa kweli akanijibu.

"Waandishi wa habari wako nje," Bwana Mlango akaendelea, "Mkuu anatokwa jasho. Basi Karani akavua shati lake. 'Mkubwa, vaa hili utoke. Mimi sina haraka.' Hakujua kwamba mchana uleule na yeye angeitwa. Akaitwa. Shati hana. Mkuu akasema tungoje Jumatatu, tutaona la kufanya. Sasa leo picha imetoka gazetini, na wakubwa wake wamempigia simu: kwa nini mtu ametoka na nguo ya mwenzake? Gereza lako linagawa mashati? Sasa Mkuu ameapa. Karani hatoki mpaka shati lile lirudi. Na hati yake ya kuachiwa inakufa kesho jioni. Ikifa, jina linarudi kwa Gavana aamue upya."

"Likirudi kwa Gavana?"

Alitazama tu viatu vyake.

Lakini mimi moyo ulikuwa umeshapata nafuu. Kumbe ni shati tu!

"Dada," nikamwambia Bi Dakika, "panda gari, kaniletee shati la mume wangu. Tumalize jambo hili kabla mboga hazijaungua."

Bi Dakika naye akatazama viatu vyake.

"Twende garini," akasema.

Garini alimwambia dereva ashuke akatazame ndege. Dereva alitazama juu, hakuona ndege, lakini alishuka.

"Nimelichoma," Bi Dakika akasema.

"Umelichoma nini?"

"Shati. Jana. Nililitia jikoni."

"Lote?"

"Nilianza na kola. Kisha nikaona mikono peke yake haina maana."

Wajukuu zangu, niliahidi kwamba humu nitasema kweli tupu. Ningependa kuwaambia nililia kwa heshima, kama mke wa shujaa. Nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, kisha nikaona kwamba machozi yale yalikuwa yanatoka yenyewe na kicheko kimeshakwisha.

"Nipige kofi," akasema Bi Dakika. "Nipige, nastahili."

"Nikupige wewe, mke wa Fundi Saa, mbele ya gereza? Nitafungwa na mimi. Halafu nani atafua?"

Aliushika mkono wangu wenye kijiko, akaung'ang'ania. Tulikaa hivyo mpaka dereva alipochoka kutafuta ndege.

Tulirudi nyumbani, na wazo lilikuwa la mama mkwe. Mume wangu alikuwa na mashati mawili meupe, yaliyokatwa siku moja kutoka kitambaa kimoja. Lile la pili lilikuwa nyumbani, nilikuwa nimelifua. Pazia nalo lilikuwa bado lipo.

"Kateni," mama mkwe akasema. "Tangu lini dirisha likaona haya?"

Nilichukua mkasi. Nilipotaka kuchukua na sindano, Bi Dakika aliniwahi.

"Nilichoma mimi, nitashona mimi."

Alishona. Alipomaliza upande mmoja tukainama kutazama. Mungu wangu! Mishono ilikaa kama imepigwa na mashine.

"Hii haitafaa," nikasema. "Yeyote anayenijua atajua hii si yangu. Shona vibaya, dada."

"Sijui kushona vibaya."

"Jaribu."

Alifumua, akajaribu. Ikatoka nzuri zaidi.

"Fumba jicho moja," mama mkwe akamshauri.

"Rukaruka," nikasema. "Pale unapotaka kwenda mbele, ghairi kidogo."

"Wewe hushona hivi kwa makusudi?"

"Ndivyo mkono wangu ulivyo!"

Tulicheka watatu. Mara ya nne mishono ikatoka ya kuaibisha kabisa, yangu kabisa, na Bi Dakika akaitazama kwa fahari kama mtoto aliyejifunza kupiga mluzi. Mama mkwe akalipiga shati pasi, halafu akalifinyangafinyanga ili lisionekane jipya. Tukaondoka.

Mkuu wa Gereza alitupokea kwenye ofisi ndogo kando ya lango. Alikuwa mtu mwembamba, kofia imenyooka, gazeti mezani. Alilikunjua shati, akaweka kola juu ya picha. Akavaa miwani. Akavua miwani.

"Linafanana," akasema.

Nilianza kuvuta pumzi.

"Linafanana sana," akaendelea. "Tatizo langu ni huyo."

Alielekeza kidole dirishani. Nje, ameegemea gari jeusi, alisimama dereva wa Bi Dakika. Kwenye kola yake kulikuwa na kiraka cha maua, kipya, bado uzi unaning'inia.

"Na yule," Mkuu akasema. Mwuza mkaa alikuwa anapita na kiraka. "Na wale." Mafundi ujenzi watatu, viraka vitatu. "Tangu Jumamosi mji mzima unajitoboa kola ili utie viraka kama cha Fundi Saa. Nitajuaje kwamba hili ndilo lenyewe?"

Alinigeukia mimi.

"Mama, wewe ndiye mke. Apa hapa, kwamba hili ndilo shati aliloingia nalo mumeo."

Ofisini kulikuwa na askari wawili. Mlangoni walisimama wake wa wafungwa wengine, waliokuja kuuliza habari za waume zao. Wote walinitazama. Niliwaza suruali kitini. Nilifungua mdomo.

"Si lenyewe," ikasema sauti. Haikuwa yangu.

Bi Dakika alikuwa amesimama wima, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Lenyewe nililichoma mimi kwa mkono wangu. Niliona mshono wa mwanamke mwingine, nikashikwa na wivu. Mshono ulikuwa wa huyu dada, na hana kosa lolote. Hata hili nimelishona mimi. Usimwapishe bure."

Mlangoni mtu mmoja aliguna, mwingine akamfinya anyamaze. Nilijua habari ile ingefika sokoni kabla yetu. Bi Dakika pia alijua. Aliisema hivyohivyo, mke wa mtu ambaye kesho angeweza kuwa mkubwa wa nchi, ili mimi nisitie kiapo cha uongo. Sijawahi kupewa zawadi kubwa kama ile, na haikufungwa kwa karatasi.

Mkuu alivua kofia, akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi.

"Mama," akasema taratibu, "mimi si mtu mbaya. Lakini wakubwa wangu wanataka neno la kuandika. Aliyelivaa aje mwenyewe. Aje kesho kabla ya jioni, aseme mbele yao kwamba shati lilikuwa la Karani na kwamba limeungua. Akisema hivyo, Karani atatoka hata na gunia."

"Atakuja," Bi Dakika akasema. "Nitamleta."

Akatoka kwenda garini, kichwa juu. Wale wanawake mlangoni walimpisha. Mmoja alimshika bega kidogo alipopita.

Nilipokuwa natoka, Bwana Mlango alisimama mbele yangu.

"Funguo zangu zimepotea," akasema kwa sauti ya kwanza, ile ya Mkuu. Kisha kwa sauti ya pili: "Huwa nachukua muda kidogo kuzitafuta. Kidirisha cha lango kiko wazi."

Nilisogea. Kidirisha kilikuwa kidogo, cha kutosha uso nusu. Kikaja kipara ninachokijua, kisha macho, kisha blanketi la kijivu.

"Mama nanihii," mume wangu akasema. Miaka yote tuliyooana, akifurahi husahau maneno.

"Umekonda."

"Wewe umeshika kijiko."

Nilitazama. Kweli, nilikuwa nimetoka nacho tena.

"Umesikia yaliyotokea?"

"Ukuta huu mwembamba. Nimesikia yote. Eti amelichoma?"

"Amelichoma."

"Lilikuwa linanibana kwapani," akasema, na tukacheka kwa sauti ya chini, paji kwa paji, chuma katikati.

"Kesho Fundi Saa atakuja," nikamwambia. "Atasema, utatoka. Mama yako atakufa kwa furaha, na suruali yako itapumzika."

Kicheko chake kikakatika.

"Asije."

"Nini?"

"Kesho ndiyo siku ya kutia saini ya uhuru. Watu wa Gavana wanatafuta kisingizio kidogo tu cha kuahirisha. Akiinuka mezani kuja kuzungumzia shati lililochomwa na mkewe, watasema, hawa ndio wanaotaka kupewa nchi? Wataahirisha. Wakiahirisha, hatujui tena."

"Na wewe hati yako inakufa kesho jioni!"

"Wakitia saini, milango yote itafunguliwa. Hata huu."

"Na wasipotia?"

Kidole chake kilipita kwenye kidirisha, kikashika changu. Kilikuwa baridi.

Nyuma yangu honi ya gari ililia, kisha sauti ya Bi Dakika ikaja juu ya vichwa vya watu, imejaa furaha ya mtu aliyepata njia ya kulipa deni la moyo.

"Dada! Nipe saa tu! Saa utakayosema, saa hiyohiyo nitakuwa hapa naye, nakuapia!"

Niligeuka kumtazama. Alikuwa ametoa kichwa dirishani, ananingoja. Niligeuka huku. Macho ya mume wangu yalikuwa pale, nusu uso, yananingoja vilevile. Ulimi wangu mmoja, na watu wawili niliowapenda kila mmoja alitaka neno lake.

"Mwambie asimlete," mume wangu akanong'ona. Ndani kulisikika funguo zikilia. Bwana Mlango alikuwa hawezi tena kuendelea kuzitafuta. "Mwambie, mke wangu. Halafu njoo wewe. Njoo tena Ijumaa, hata mikono mitupu. Njoo tu nikuone."